Baiskeli Iliyozaa Bodaboda Imesahauliwa Kwao

Mnamo Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani uliandaliwa barani Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake, na jiji lililopata fahari hiyo ni Kigali. Walikuja mabingwa waliozoea milima ya Ulaya, navyo vilima vya Rwanda vikawatoa jasho jembamba. Katika mbio za wanaume, ambazo Tadej Pogačar wa Slovenia aliibuka mshindi, ni waendeshaji 30 tu waliofika mwisho. Hapana shaka wengi wetu huku Kenya tulitazama kwenye runinga, tukashangilia, kisha tukarejea kwenye shughuli zetu kana kwamba jambo hilo halituhusu ndewe wala sikio.

Linatuhusu. Rwanda haikuiokota heshima hiyo njiani. Kwa miaka mingi vijana wake wamekuwa wakifunzwa Musanze, chini ya volkano za Virunga, ambako hewa ni nyepesi na barabara hazijui tambarare. Sisi nasi tunayo volkano yetu iliyozimika zamani za kale, Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321, na chini yake iko miji miwili ya mpakani, Busia na Malaba. Miji hii ndiyo iliyoipa Afrika Mashariki nzima neno la usafiri linalotamkwa leo kutoka Kampala hadi Dar es Salaam. Neno hilo ni bodaboda, na asili yake ni baiskeli.

Wasomaji wataniwia radhi nikitua hapa kidogo, kwa kuwa isimu ndiyo kazi yangu. Inasimuliwa kwamba tangu miaka ya 1960, kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na mwendo uliomchosha msafiri mwenye mzigo. Vijana wenye baiskeli wakamwita, "Boda! Boda!", yaani, kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Neno la Kiingereza likavikwa irabu ya Kiswahili mwishoni na kurudufiwa. Takriri hiyo si ile ya "polepole", inayotia mkazo, wala si ile ya "pikipiki", inayoiga mlio. Ni takriri ya mnadi anayetafuta mteja. Kisha neno likapanda pikipiki. Katika muongo wa 2000 pikipiki za bei nafuu kutoka India na Uchina zilipofurika, abiria waliihama baiskeli, nayo ikabaki bila kazi na bila jina. Leo ukimwambia kijana wa Nairobi kwamba bodaboda ilikuwa baiskeli, atakudhania unamtania.

Jambo jingine hunivutia katika neno hili, nalo ni upatanisho wa kisarufi. Mtu husema "bodaboda imeanguka" akimaanisha chombo, na "bodaboda ameanguka" akimaanisha binadamu. Lugha imetenga vizuri kati ya chuma na nyama. Sina hakika kwamba wapangaji wa barabara zetu wametenga hivyo.

Hebu tuitazame hali ilivyo. Mnamo Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua pamoja kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mbili. Lilikuwa jambo jema, nami sijiungi na wale wanaobeza kila kinachojengwa na serikali. Lakini kituo cha aina hii hupimwa kwa lori. Mafanikio yake hutajwa kwa saa ambazo lori limepunguziwa na kwa tani zilizovuka. Mwenye baiskeli iliyofungwa magunia mawili ya mahindi kwenye keria hana safu katika hesabu hiyo. Hali kadhalika watu wenye ulemavu, ambao kwa miaka mingi wamevusha bidhaa Busia kwa baiskeli zao za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Wote hawa hupenya baina ya matrela, wakilipa kwa viungo vyao pale dereva anapokosea. Vivyo hivyo katika njia ya kutoka Busia kupitia Alupe, Adungosi na Amagoro hadi Malaba: kila nilipoipita nimewaona waendesha baiskeli wakiiacha lami na kuingia majanini honi inapolia nyuma yao.

Na huku ndiko watu walikojua baiskeli kabla ya kujua mpaka. Hadi mwaka 1902 eneo hili lote lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na mstari tulio nao uliwekwa rasmi kwa amri ya mwaka 1926, ukafuata mito ya Sio, Malaba na Lwakhakha, ukapanda hadi kilele cha Sudek na kuteremka na mto Suam. Wateso, Wasamia, Wabukusu na Wasabaoti wakajikuta wana jamaa ng'ambo. Magendo ya kahawa ya Chepkube katika miaka ya 1970 yalipita kwenye vichochoro hivi hivi vya mlimani. Njia ziko, tena za kale. Kilichokosekana ni mtu wa kuzichora kwenye ramani kwa nia njema.

Mathalan, mtu akiondoka Malaba kupitia Angurai hadi Lwakhakha, akapanda Cheptais na Kapsokwony, akateremkia Kimilili, akaendelea hadi Kitale iliyo takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kisha Endebess na Suam, atakuwa amezunguka upande wa Kenya. Kutoka Suam hadi Kapchorwa ni kilomita 73, njia iliyokuwa tope tupu wakati wa masika na ambayo imetiwa lami miaka hii ya karibuni. Kapchorwa ndiko kwao Stephen Kiprotich, aliyetwaa dhahabu ya marathoni London mwaka 2012. Halafu Mbale, Tororo na mwamba wake, na kurejea Malaba. Mlima mzima umezungukwa! Tangu mwaka 2014 Mkenya na Mganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tu, na mgeni kwa viza moja ya utalii inayozihusu Kenya, Uganda na Rwanda. Karatasi basi si kisingizio.

Wako watakaosema mlima huo una sifa mbaya. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 2006 na 2008 Cheptais na Kopsiro zililia kwa sababu ya mapigano ya ardhi na operesheni ya jeshi iliyofuata. Lakini je, mahali huponywa kwa kuepukwa? Wengine watasema Mkenya si mtu wa baiskeli. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara 4, alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa na David Kinjah huko Kikuyu, japo ushindi ule ulihesabiwa kwa Uingereza. Suleiman Kangangi wa Eldoret, aliyefariki mbioni huko Marekani mnamo Agosti 2022, aliliona hilo mapema na kuwavuta vijana wa Afrika Mashariki katika mchezo huu.

Ninachodai si uwanja wa michezo. Serikali za kaunti za Busia na Bungoma zikae na wenzao wa Uganda wachore mzunguko huo na kuuwekea vibao. Mamlaka ya barabara iongeze upana wa mita moja na nusu, kila upande, kati ya Busia na Malaba, ukingo utakaotengwa na malori. Na katika vituo vyote viwili uwekwe ujia wa baiskeli wenye dirisha lake la ukaguzi, ambapo mama wa soko la Busia na kijana anayejinoa kwa mbio watapanga foleni moja, bila ya trela nyuma yao.