Mbao kupinda Tunduma: kabla ya kumlaumu fundi, uliza mti ulikuwa na miaka mingapi

Umenunua mbao za paini, umezianika uani, baada ya wiki chache papi zimejikunja kabla hazijapanda kwenye kenchi. Anayetukanwa ni fundi. Lakini mara nyingi shida ilianzia shambani: mti ulikatwa ukiwa bado mtoto.

Mkoa wa Songwe una miti ya kupandwa, hasa wilayani Ileje, ambako Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ina shamba la Iyondo Mswima. Paini ya mbao nzuri inataka miaka 18 hivi, hata zaidi. Ila kwa wakulima wadogo wa Nyanda za Juu Kusini, kuuza kabla ya miaka 10 ni jambo la kawaida. Ada ikifika au mtu akiugua, mti ndiyo benki.

Tatizo liko ndani ya mti. Chini ya gome kuna tabaka jembamba la seli zinazogawanyika. Zinazobaki upande wa ndani ndizo zinageuka mbao. Katika miaka kama 10 ya mwanzo, seli hizo zina kuta nyembamba na nyuzi zake zimelala mshazari. Mbao ya hivyo ikikauka inasinyaa hadi kwa urefu, ndipo inapinda. Mti wa miaka 8 karibu wote uko hivyo.

Wanasayansi sasa wanachungulia tabaka hilo seli moja moja. Zamani walisaga kipande kizima, kama kutia embe na nanasi kwenye blenda kisha kuuliza ladha gani imetoka wapi. Siku hizi wanayeyusha kuta kwa vimeng'enya, seli zinaachana, kisha wanasoma jeni zipi zinafanya kazi katika kila moja.

Mwaka 2023, utafiti ulioongozwa kutoka Taiwan ulilinganisha miti ya aina 4, ukiwemo mkaratusi aina ya Eucalyptus grandis, ambao unapandwa pia Tanzania. Ulionyesha njia ambayo seli changa hupita hadi kuwa mrija wa maji au uzi wa kubeba uzito.

Habari njema? Kwa watafiti wa mbegu, ndiyo. Kwa mkulima wa Ileje, bado sana. Paini haikuwemo kati ya miti hiyo 4, na mbegu ikipatikana leo itahitaji miaka shambani kuthibitishwa. Tena hakuna jeni inayolipa ada mwezi Januari. Kama mnunuzi halipi zaidi kwa mti uliokomaa, nani atasubiri miaka 10 mingine?

Kwa anayeezeka sasa hivi: angalia ncha ya ubao. Ukiona kile kiini cha mti, kidoa cheusi katikati, huo umetoka kwenye sehemu changa kabisa. Weka pembeni, chagua mwingine.