Mgonjwa Hawezi Kukimbia

Mwezi wa Desemba 1961 moto ulizuka katika bomba la kutupia takataka la hospitali ya Hartford, Marekani, ukatokeza orofa ya tisa na kuua watu 16. Mtu mzima akisikia kelele za moto hutoka mbio. Aliyepasuliwa jana hatoki. Basi jengo lenyewe halina budi kumkinga, kwa milango izuiayo moshi na mabomba yanyunyizayo maji yenyewe.

Hayo yamekwisha andikwa zamani. Linalotushangaza ni mwendo wa serikali ya huko. Hadi Julai 2016 hospitali zilizopokea fedha za Medicare na Medicaid zilitakiwa kufuata kanuni za toleo la 2000. Ndipo likashikwa toleo la 2012, nalo limekwisha pitwa na la 2015. Tena hospitali kuukuu zenye kimo cha zaidi ya futi 75 zilipewa miaka 12, yaani hadi 2028, kutia mabomba hayo.

Twajua kuwa kufumua dari juu ya wagonjwa si kazi nyepesi, na gharama ni kubwa. Lakini miaka 12! Aliyelazwa orofa za juu hakuulizwa kama yu radhi kungoja. Twaona wenye hospitali hizo hawana haki ya kuitumia miaka yote waliyopewa.