Kompyuta Nayo Inahitaji Kisomo Chenye Manufaa

Siku hizi si ajabu kumkuta kijana aliyehitimu mafunzo ya kompyuta, mwenye cheti kilichopigwa muhuri, ambaye akiombwa aandike programu ndogo ya kujumlisha uzito wa magunia matatu hubaki kuitazama mashine. Kijana huyo hana upungufu wa akili. Alifundishwa majina ya vitu, akayakariri, akayaandika katika mtihani na akafaulu. Kazi yenyewe hakuifanya. Wazazi wametoa ada, kijana ametoa miezi yake, na taifa halikupata fundi.

Taifa letu lina uzoefu wa kutosha wa kuliepuka kosa hili. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wananchi hawakuitwa madarasani wakakariri herufi kwa ajili ya herufi. Katika mikoa ya Ziwa, ambako mradi wa kisomo ulianza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, vitabu vya kusomea vilizungumzia pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Mkulima alijifunza kusoma huku akijifunza jambo la shambani kwake. Tuliita kisomo chenye manufaa. Maoni yetu ni kwamba kuandika programu za kompyuta kufundishwe kwa njia hiyo hiyo.

Anayeanza anahitaji lugha nyepesi ya kuiandikia kompyuta maagizo. Mojawapo inayofaa sana ni Python. Lugha hiyo ilianza kutungwa na Guido van Rossum, raia wa Uholanzi, mwishoni mwa mwaka 1989 mjini Amsterdam, na ikatolewa kwa watu mwaka 1991. Haiuzwi, kila mtu anaruhusiwa kuichukua na kuitumia bure, hata kwenye kompyuta ya kawaida isiyo na nguvu nyingi. Maneno ambayo lugha yenyewe imeyahodhi katika matoleo ya sasa ni 35 tu. Majina mengine mwandishi hujichagulia, na hakuna kinachomzuia kuyaandika kwa Kiswahili: jumla, uzito, bei, makato.

Tuchukue mfano. Mkulima amefikisha magunia matatu ya pamba kwenye chama cha msingi cha ushirika. La kwanza lina kilo 62, la pili 58 na la tatu 60. Mwanafunzi anaandika jina "jumla" na kulipa thamani ya sifuri. Halafu anaiagiza kompyuta ipitie gunia moja baada ya jingine, na kila mara iongeze uzito wake kwenye jumla. Katika Python, agizo linalotakiwa kurudiwa huandikwa likiwa limesogezwa ndani, kwa desturi nafasi nne kutoka ukingoni. Kusogeza huko si pambo la mwandiko. Ndiko kunakoiambia kompyuta lipi lirudiwe kwa kila gunia, na lipi lifanywe mara moja tu baada ya magunia yote kwisha.

Sasa tuseme mwanafunzi amesogeza ndani mstari wa kuonyesha uzito wa kila gunia, lakini akajisahau na kuuacha mstari wa kujumlisha ukingoni. Kompyuta haitalalamika. Itaonyesha uzito wa magunia yote matatu, kisha itajumlisha gunia la mwisho peke yake na kutoa jibu la kilo 60. Jibu la haki ni kilo 180. Kilo 120 za jasho la mkulima zimeyeyuka, hakuna aliyeiba, na kwenye kioo cha kompyuta hakuna alama yoyote ya hatari.

Somo la pili ni la namna hiyo hiyo. Karani akiandika 45, halafu akaandika 30, na programu ikaambiwa iziunganishe bila maelezo zaidi, jibu litakuwa 4530. Wanaoanza hudhani mashine imeharibika. Mashine ni nzima. Katika Python, kila kinachopokelewa kutoka kwenye vibonye kwa agizo la input huhesabiwa kuwa maandishi, na maandishi mawili yakijumlishwa hupangwa sambamba. Ni lazima mwandishi aagize kwanza yageuzwe kuwa namba. Asipofahamu hilo siku ya kwanza, atalifahamu siku ya kufunga hesabu, mbele ya wanachama.

Yapo pia makosa ambayo kompyuta huyasema waziwazi. Mabano yakiachwa wazi, programu hukataa kuanza, na ujumbe hutaja namba ya mstari ilipokwama. Wanafunzi wengi wakiuona ujumbe huo huingiwa na hofu, wakafuta kila kitu na kuanza upya. Yafaa wafundishwe kuusoma kwa utulivu, wautazame mstari uliotajwa na ule ulio juu yake, kwani mara nyingi kosa limejificha hapo. Kusoma ujumbe wa kosa ni sehemu ya kazi, kama vile fundi anavyosikiliza injini kabla ya kushika spana.

Wako watakaosema kwamba maneno ya lugha hizi ni ya Kiingereza, kwa hiyo kijana asubiri kwanza akimudu Kiingereza. Hatukubaliani nao. Fundi wa gereji hakusubiri kuwa bingwa wa Kiingereza ndipo ajue klachi, gia na breki. Alielezwa kwa Kiswahili kazi ya kila chombo, akakishika kwa mkono wake, na jina likamkaa kichwani. Maneno 35 hayawezi kuwa mlima. Mlima ni kufikiri kwa mpango: kipi kianze, kipi kifuate, na kwa sharti gani. Kufikiri huko hufundishika vizuri zaidi kwa lugha anayoota nayo mwanafunzi. Kiingereza akisome pia, maana vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa lugha hiyo, lakini kisigeuzwe kuwa lango la kumzuia kuanza.

Wengine watasema kwamba sasa zimekuja programu za akili bandia zinazoweza kumwandikia mtu programu nzima kwa dakika moja, hivyo haina haja ya kujisumbua. Ni kweli zinaweza, na hazina budi kutumiwa panapofaa. Lakini ni nani atakayeutambua ule mstari ulioachwa ukingoni? Asiyejua misingi atapokea kilo 60 kwa shukrani na kumlipa mkulima gunia moja. Kadiri mashine inavyotuandikia mengi, ndivyo tunavyohitaji watu wengi zaidi wanaoweza kuyasoma na kuyapima.

Kwa hiyo tunawashauri walimu na wenye vyuo mambo manne. Kwanza, programu za mwanafunzi anayeanza zitokane na kazi za mahali alipo: mizani ya ushirika, daftari la duka, mahudhurio ya shule, zamu za maji kijijini. Pili, jibu lipigwe kwa mkono kwanza, karatasini, ndipo programu iandikwe. Hata palipo na kompyuta moja kwa wanafunzi kumi, au siku umeme umekatika, kazi hiyo ya karatasi inaendelea. Tatu, kila programu ijaribiwe kwa makusudi mabaya: pawekwe sifuri, pawekwe namba hasi, pawekwe herufi mahali pa namba, ionekane itafanya nini. Nne, cheti kisitolewe mpaka mwanafunzi asimame mbele ya wenzake, aendeshe programu aliyoiandika mwenyewe, na aeleze kwa Kiswahili kila mstari unafanya kazi gani.

Walimu nao wakague vitabu wanavyovitumia. Python ya toleo la pili iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na baadhi ya mifano ya vitabu vya zamani hukataliwa na matoleo ya sasa. Mwanafunzi anayenakili mfano wa namna hiyo hujiona mjinga, kumbe kitabu ndicho kilichopitwa na wakati.

Kwa vijana wenyewe, neno letu ni fupi. Msingoje darasa kubwa wala mashine mpya. Mwenye kompyuta nusu saa kwa siku aitumie kuandika, siyo kunakili. Aanze na mistari mitano inayofanya kazi moja ya kweli, aivunje kwa makusudi, aitengeneze, halafu amwonyeshe mwenzake. Siku atakapoweza kumkalisha mkulima kando yake na kumthibitishia kwamba kilo zake 180 zimehesabiwa zote, hapo atakuwa amesoma, awe na cheti au asiwe nacho.