DAKTARI NA AJE KWETU KABLA HAJAWA DAKTARI

Dereva wa lori alalaye Mai Mahiu hulala ndani ya gari, hula usiku wa manane, na akiugua humeza vidonge vya dukani akaendelea na safari. Wodini haonekani mpaka ameshindwa kabisa. Mwanafunzi wa udaktari asomeaye wodini peke yake atajuaje ugonjwa huo ulianzia wapi?

Njia nyingine ipo, nayo imejaribiwa. Makerere walikuwa na kituo chao Kasangati, karibu na Kampala, katika miaka ya 1960. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, tangu miaka ya 1990 huwapeleka wanafunzi wake kwa wananchi katika mpango uitwao COBES. Huko huulizia maji, vyoo, chakula na kazi za watu, wakapima afya ya kijiji kizima, si ya mgonjwa mmoja.

Sisi twasema Mai Mahiu ni darasa zuri sana. Jina lenyewe kwa Kikikuyu ni maji ya moto. Nchi hii ni ya volkeno, Longonot upande huu na Suswa upande ule, na maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akikua kwa maji yaliyopita mpaka huo, meno yake hupata madoa ya kahawia, na floridi ikizidi sana hata mifupa huharibika. Mswaki hautoi madoa hayo (ingawa watoto wetu hugombezwa bure kila siku). Maji ndiyo ya kutibiwa, na Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilikwisha tengeneza machujio ya mkaa wa mifupa kwa kazi hiyo.

Tena tunakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024. Kalvati chini ya reli ilizibwa na takataka, maji yakajaa nyuma ya tuta, tuta likakatika, na watu zaidi ya 45 wa Kamuchiri na jirani wakafa. Je, kalvati si jambo la afya? Mwanafunzi aipande reli ile aitazame.

Wako wanachama wasemao kwamba wanafunzi huja kuandika majina yetu katika madaftari na kwenda zao. Hawakosei. Kwa hiyo twataka waliyoyaona yasomwe barazani, kwa Kiswahili, kabla hawajapanda gari la kurudi.

Na jambo la mshahara lisisahauliwe. Atakayewapitisha nyumba kwa nyumba ni mhudumu wa afya ya jamii, ambaye mwaka 2023 aliahidiwa posho ya Sh. 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kumwongoza mwanafunzi kutwa nzima ni kazi ya ualimu, na mwalimu hulipwa. Chuo kitakacholeta wanafunzi kilete na malipo hayo.

Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, nacho hufundisha madaktari, na kimo katika kaunti yetu hii. Halmashauri ya tawi imwandikie Mkuu wa Chuo mwezi huu. Mwanachama mwenye chumba cha kuwapangisha wanafunzi ampe Katibu jina lake.