Pantoni ya Ndundu na Neno la Kiingereza

Kwenye kibanda cha vocha pembeni ya stendi ya Ikwiriri, binti wa kidato cha nne ameegemea meza ya kuchajia simu, daftari limefunguliwa. Kushoto kapanga maneno ya Kiingereza, kulia maana zake. Mwalimu kawapa insha: intaneti iboreshwe vipi. Ameshika "bandwidth", ameshika "encryption", lakini "latency" imemgomea. Kamusi imempeleka kwenye kufichika, naye haoni kilichofichwa ni nini.

Hatua mbili kutoka hapo, kijana wa bodaboda anaongea kwa video na ndugu yake aliyeko Nyamisati. Picha imeganda, mdomo wazi. "Mtandao unasumbua," anasema, anakata.

Swali linalonikera ni hili: kati ya hao wawili, nani ana haki ya kusema intaneti iboreshwe vipi? Tumezoea kujibu kwamba ni mwenye daftari. Eti asiyejua maneno mazito ya Kiingereza alipie bando, anyamaze.

Kijana naye ana upungufu wake, tusimpambe. "Mtandao unasumbua" ni kapu linalobeba mambo yasiyofanana. Huenda mnara uko mbali. Huenda upo jirani ila umeelemewa, jioni kila mtu yuko kwenye video. Huenda njia ni nyeupe, lakini safari yenyewe ndefu. Kila tatizo lina dawa yake, na mlalamikaji asiyezitenganisha ataambiwa azime simu, awashe.

Tofauti hizo lakini hazikuzaliwa Uingereza. Wazee wa hapa wanazijua tangu enzi za pantoni ya kuvukia mto pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Pantoni ilibeba magari machache kwa mkupuo, mengine yakakaa foleni: hiyo ndiyo "bandwidth". Hata ungeikuta tupu, maji lazima uyavuke, na kuvuka kunakula muda: hiyo ndiyo "latency". Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika Dar es Salaam, Julai 2009, mawasiliano yetu ya intaneti na dunia yalitegemea sana setilaiti zilizoko kilomita kama 36,000 juu. Uliza na ujibiwe kwa njia hiyo, karibu nusu sekunde imekwenda, hata kama mtumiaji ni wewe peke yako. Mkongo ulileta upana, ukafupisha na safari.

Kwa hiyo ninachodai ni dhana ifundishwe, kwa neno lolote linaloeleweka. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 hakuna aliyepelekwa kozi ya Kiingereza. Salio, wakala, namba ya siri, muamala: bibi muuza samaki anayatumia yote na akikosewa anajua kudai. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotangazwa, nchi nzima iliwaka, kwa Kiswahili, na Serikali ikazisitisha. Kelele zile zilijengwa juu ya neno "bando", ambalo watu hawakusubiri kikao kilipitishe. "Tarakilishi" na "nywila" zimeundwa na wataalamu, lakini sijamsikia mteja wa kibanda hiki akizitamka.

Najua nitakachojibiwa. Nyaraka zinazoweka kanuni za intaneti, tangu ile ya kwanza ya Aprili 1969, zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtihani wa binti huyu ni wa Kiingereza. Sawa. Akitaka kuwa fundi wa mitambo, na ayale maneno hayo kama ugali, tena mapema. Lakini hiyo ni elimu ya kazi. Kuigeuza kuwa kiingilio cha raia ni kumtoza mara mbili mtu ambaye bando kalipia bei ileile. Anayeuza huduma ndiye mwenye deni la kueleza: mnara huu umeelemewa saa ngapi, kasi iliyoahidiwa ni ipi, taarifa zangu mnampa nani. Mei 2024, watu wa bonde la mto huu wakiwa bado wanahesabu hasara ya mafuriko, mikongo miwili ya baharini ilikatika na intaneti ikazorota. Wapo waliozilaumu simu zao. Sentensi mbili za Kiswahili zenye tarehe ya matengenezo zingewatosha.

Nimemweleza binti habari ya pantoni. Hajawahi kuiona, kazaliwa daraja lipo. Kijana wa bodaboda ndiye aliyemalizia, akionyesha kwa mikono jinsi malori yalivyopangana, kama alivyosimuliwa na baba yake. Binti akafuta "kufichika", akaandika "kukawia njiani".

"Mzee," akaniita tena, nikiwa nimeshageuka. "Sasa nikiiweka pantoni kwenye insha, kwa Kiingereza niseme nini?"