Kesi Ndogo, Hati Mbovu



Hapa Rusizi, mpakani na Bukavu, familia nyingi zinaishi kwa biashara ndogo ndogo na kubeba mizigo. Kijana akikamatwa, utasikia wazee wakisema: "Ni kesi ndogo tu, akubali yaishe." Sisi tunaona hapo ndipo hatari inapoanza.

Tuchukue mfano. Hati ya mashtaka inasema kijana "aliiba bidhaa Kamembe." Bidhaa gani? Za nani? Siku gani? Kama siku haikutajwa, ataletaje mashahidi kwamba siku hiyo alikuwa Bukavu? Huyo anajitetea gizani.

Na kesi si ndogo kwa anayefungwa. Sheria ya makosa na adhabu ya Rwanda ya mwaka 2018 inaweka kwa wizi wa kawaida kifungo cha mwaka 1 hadi 2, faini ya faranga milioni 1 hadi 2, kazi za jamii kwa miezi 6, au mojawapo ya adhabu hizo. Faini hiyo peke yake inamaliza mtaji wa nyumba nzima.

Katiba yetu, ibara ya 29, inampa kila mtu haki ya kuelezwa kosa analoshtakiwa na chanzo chake, na haki ya kujitetea. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 1975, unataka aelezwe kwa kina na kwa lugha anayoielewa. Jirani zetu Tanzania nao, katika sheria yao ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 1985, wanataka hati itaje kosa lenyewe pamoja na maelezo ya kutosha.

Wapo watakaosema tunawatetea wezi. La hasha! Hata aliyeibiwa anahitaji hati iliyo sawa, maana hati mbovu yaweza kuiangusha kesi ya kweli.

Basi wazazi wenzetu, kijana asikubali kosa kwa sababu ya uchovu au aibu. Aombe hati isomwe polepole, kwa lugha anayoielewa. Muulize pamoja: kosa gani, wapi, lini, dhidi ya nani? Palipo na pengo, aliseme mbele ya hakimu mapema, asingoje hukumu. Asiye na uwezo wa wakili aende ofisi ya MAJ ya wilaya, ushauri ni bure.

Nao waendesha mashtaka tunawaomba: dakika chache za kuandika vizuri zinaweza kumwokoa mtu na miaka ya jela.