Goma: Wenye miguu mipana, tuache kuangalia namba tu

Kila asubuhi vijana wa Goma wanakimbia juu ya mawe makali ya volkano. Jioni wengi wanachechemea. Kwa maoni yangu, kosa linaanzia sokoni. Mwenye mguu mpana anachukua namba kubwa: kisigino kinateleza, vidole bado vinabanwa. Mimi mwenyewe nilipoteza kucha mbili hivyo.

Ndugu zangu, nendeni kununua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Toeni soli ya ndani, simameni juu yake. Mguu ukizidi pembeni, kiatu hicho kiacheni. Kwa wanaume, tafuteni alama 2E ao 4E. Bonyezeni sponji: ikiwa imekufa, haitawakinga na mawe, hata rangi ing'ae. Pesa yetu ni ya jasho, tusinunue jina.